Uliniuliza Jina Langu Bwawani

Umeå, 5 Septemba 2010

Papa,

Nimepiga simu mpaka nimechoka. Mama anapokea, anasema umelala, na nyuma yake nakusikia ukikohoa na kubadilisha chaneli ya televisheni. Basi, kama hutaki kunisikia, utanisoma. Naandika Kiswahili, usije ukasema binti yako amekuletea barua kwa Kiswidi, lugha ya ofisi.

Nataka kukuambia ile Jumamosi ya Agosti ilivyoonekana kutoka pale niliposimama mimi, kwa sababu najua huko Hjulsta inasimuliwa kwa mdomo wako tu.

Nilikuwa kazini. Kazi yangu ya kwanza yenye beji, Papa: mkaguzi wa uvuvi, majira yote ya joto, kabla sijarudi huku Umeå. Mimi na Göran, yule mzee wa chama cha wavuvi, tulikuwa tunazunguka bwawa la Norrdammen kwa miguu tukiomba watu kadi zao. Tulipopita kile kichaka cha misonobari nikakuona umesimama ukingoni na kofia yako ya bluu. Unajua nilifanya nini moyoni? Nilifurahi. Mkono ulikuwa umeshaanza kuinuka ili nikupungie. Halafu nikaona kidole cha Göran kinaelekea kwenye ndoano, na kwenye ndoano palikuwa na nyungunyungu.

Nyungunyungu, Papa! Kwenye bwawa la kuvulia nzi wa bandia tu, ambako hata mtoto wa shule anajua chambo hai ni marufuku. Wewe uliyekuwa unakaa mezani jikoni ukifunga manyoya ya jogoo kwenye ndoano mpaka samaki trauti mwenyewe adhani ni mdudu. Wewe uliyenigombeza nilipokuwa na miaka tisa kwa sababu nilitaka kubandika kipande cha mkate. Na Tonton Emery, mgeni wenu, alikuwa amesimama kando mikono mitupu, akitazama maji kama mtu aliyeingia kanisa ambalo si lake.

Göran aliuliza fimbo ile ya kuvulia ni ya nani. Hata hakumaliza swali. Uliichukua kutoka majanini ukasema, "Ni yangu." Ningefanya nini? Nikaandika. Fimbo ikachukuliwa, kadi ikafutwa kwa mwaka mzima.

Sasa nikuambie usilolijua. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari, Göran alisema kuhusu watu wa mitaa yetu, "Hao watu wa Järva, kila mwaka ni hivi hivi. Wanafundishwa, wanaitikia, kisha wanafanya yao." Nimengoja maisha yangu yote kumjibu mtu anayesema hivyo. Nimeandaa majibu tangu darasa la sita. Na siku ile nilikosa hata moja, kwa sababu alikuwa ameshika fimbo ya baba yangu na nyungunyungu bado anajinyonganyonga. Wewe ndiye uliyeninyang'anya jibu.

Nieleze kwa nini. Nadhani nastahili kuelezwa.

Christelle


Hjulsta, 14 Septemba 2010

Kwa Bibi Mkaguzi,

Barua yako nimeipata. Kiswahili chake ni kizuri. Mwalimu wako nilikuwa mimi, kwa hiyo nimejipongeza.

Unasimulia vizuri, lakini unasimulia kama mtu aliyefumba jicho moja. Ngoja nikufumbue hilo la pili.

Siku ile trauti walikuwa wanakula juu, wadudu weusi wadogo mno, hawataki kitu kingine. Nilikuwa nimeinama nabadilisha nzi. Nikasikia hatua, nikainua macho, nikamwona mwanangu anashuka njiani na kizibao chake cha kijani. Na mimi nilifurahi, mama. Usidhani ulifurahi peke yako. Nikanyooka nikusalimie.

Ukasema: "Hej. Fiskekort, tack." Habari, kadi ya uvuvi tafadhali, kama kwa mtu baki.

Nikafikiri ni mzaha. Nikatabasamu. Nikatoa kadi yangu, ukaitazama mbele na nyuma kama noti ya bandia. Halafu yule mzee, alipoona ninakutabasamia, akakuuliza kama unanijua. Ulisema nini, Christelle? Katika barua yako ndefu sijaliona hilo neno. Umeweka kofia yangu, umeweka nyungunyungu, umeweka na misonobari, lakini hilo neno limeanguka njiani kati ya Umeå na Hjulsta.

Ulisema nej. Hapana, hunijui.

Naendesha basi la mji huu miaka yote hii. Nej naijua. Nimeambiwa nej ya kila rangi. Lakini hata ungeisema kwa lugha ya Kichina ningeielewa, kwa sababu ulipoisema hukunitazama.

Kisha ukafungua karatasi zako ukaniuliza jina langu. Mimi! Nikakutajia. Ukaniuliza linaandikwaje. Nikasimama mbele ya watu, tope mpaka magotini, nikataja: A, S, U, K, U, L, U. Herufi hizo umeziandika juu ya kila daftari ulilowahi kulishika. Nilikupa mimi. Na mimi nilipewa na baba yangu, ambaye hakuwahi kuniuliza zinakaaje.

Kuhusu nyungunyungu sina la kueleza. Nililolisema pale ndilo nililolisema.

Unasema nimekunyang'anya jibu. Haya, mwambie huyo Göran: watu wa Järva wana hili pia, kwamba wanazaa watoto wasiowajua.

Baba wa mtu fulani,
Bonaventure Asukulu


Umeå, 19 Septemba 2010

Papa,

Ndiyo. Nilisema nej.

Sheria inakataza mkaguzi kumkagua ndugu yake. Ningesema ndiyo, Göran angenisogeza pembeni akafanya mwenyewe, na nimeona anavyofanya: anapiga picha, anapaza sauti, anaita na wengine waje kutazama. Nikadhani nikikuandika mimi nitakuandika kwa upole. Ndiyo maana nilikuuliza jina na herufi zake. Mtu usiyemjua unamuuliza, na Göran ananijua kwa jina la Christelle tu. Nilipokwisha kusema uongo wa kwanza, ilibidi niufuate.

Hiyo ni nusu. Nusu nyingine ni kwamba niliona aibu. Sitaificha, kwa kuwa umeshaiona. Lakini aibu hiyo niliitoa wapi? Sikuzaliwa nayo. Ndoano yako ingekuwa safi ningesema "Huyu ni baba yangu" kwa sauti ya kuvuka bwawa zima.

Sijaomba msamaha. Nitaomba siku utakayonieleza nyungunyungu.

Christelle


Hjulsta, 24 Septemba 2010

Christelle,

Basi usiombe.

Bonaventure Asukulu


Hjulsta, 3 Oktoba 2010

Christelle mwanangu,

Mimi si mtu wa barua, unajua. Kazini naandika tu mzee gani amekula na mzee gani amekataa dawa. Lakini nimechoka kuwa posta katikati ya nyumbu wawili. Baba yako akipata barua yako anaisoma chooni. Akitoka, sahani zote za jikoni zinajua amesoma.

Leo nitasema, na wewe umwambie nimesema. Simwogopi.

Jumapili iliyopita baada ya ibada tulikuwa mezani sisi watatu, mimi, baba yako na Emery. Nikasema, "Huyu mtoto hatakuja Noeli, kwa sababu ya mnyoo wa udongo." Nilisema tu, kwa uchungu wangu. Emery akaweka kijiko chini. Akasema, "Mama Christelle, mnyoo ule ni wangu."

Baba yako akapiga meza. "Nani amekuomba useme? Nani?"

"Yaya, kaka yangu, siwezi tena. Nakula chakula cha mama wa mtoto niliyemtenga na baba yake."

"Nyamaza, Emery!"

"Sinyamazi," akasema, na machozi yakaingia kwenye mboga.

Ilikuwa hivi. Baba yako alimpa ile fimbo yake ya pili, akamwonyesha namna ya kurusha, akaenda mbele kidogo na yake. Emery kutwa nzima anarusha, mshipi unamrudia mgongoni, na trauti wanaruka mbele yake kama wanamcheka. Mtu wa Baraka, Christelle, mji wa ziwani, aliyekulia penye samaki, anachekwa na samaki! Akaona haya kurudi nyumbani bure. Akageuza mawe, akapata nyungunyungu, akamtundika. Baba yako hakujua kitu. Alikuja kujua dakika ileile mliyokuja ninyi, alipogeuka akaiona.

Sasa utauliza kwa nini hakusema. Wewe ulikuwa umelala mgongoni mwangu tulipokimbia vita tukipita vile vizuizi barabarani, hukumbuki. Pale waliposimama watu wenye vizibao, mmoja ana bunduki na mwingine ana karatasi. Yule wa karatasi ndiye tuliyemwogopa zaidi. Anakuuliza jina. Anakuuliza linaandikwaje, asikie ulimi wako ni wa wapi. Mdogo wake Emery jina lake liliandikwa pale, akaambiwa akae kando angoje. Hatukumwona tena.

Bwawani, Emery alipomwona yule mzee anafungua mkoba wa karatasi, fimbo ikamtoka mkononi. Kesi yake bado iko Migrationsverket, ofisi ya uhamiaji, hajapata jibu la kukaa nchi hii. Kichwani mwake jina likiandikwa na yeyote mwenye kizibao, linakwenda moja kwa moja kule. Baba yako alimwona anavyotetemeka, akaiokota fimbo akasema, "Ni yangu." Ndiyo hivyo. Hakuna siri nyingine.

Sasa nimemaliza kumsema yeye, nakusema wewe. Nej? Kwa baba yako? Nilipoisikia nilikaa kitandani na koti langu la kazi mwilini mpaka nikachelewa treni. Usinieleze sheria. Nafanya kazi na wazee waliosahau kila kitu, wamesahau hata njia ya kwenda msalani, na bado mtoto wao akiingia mlangoni uso unabadilika. Wewe hujasahau kitu. Una akili zako zote.

Nimewakasirikia wote wawili, na Emery wa tatu. Nimewapikia maharage wiki nzima bila chumvi na hakuna aliyethubutu kusema.

Mama yako,
Josiane


Umeå, 17 Oktoba 2010

Papa,

Mama ameniambia. Usimgombeze, yeye ndiye mtu mzima pekee katika nyumba ile.

Nimekaa na barua yake wiki nzima. Nilitegemea hasira itapungua, nikakuta imebadilika sura tu.

Sikiliza. Karatasi ya mkaguzi wa samaki haifiki uhamiaji. Haiendi popote. Inakaa kwenye kabati la chama, chini ya kopo la kahawa. Tonton Emery angesema "ni yangu," angepoteza kiangazi kimoja cha kuvua, na yakaishia hapo. Ulijitupa mbele ya risasi ambayo haikuwepo. Na ungeweza kuniuliza! Sentensi moja tu. Göran hajui neno la Kiswahili. Ungesema, "Mwanangu, huyu anaogopa." Ningejua la kufanya. Ningemtuma Göran garini akalete kitu chochote.

Hukusema, kwa sababu ulikuwa unamficha mtu, na macho uliyomficha yasimwone ni yangu. Uliniona nashuka njiani, ukaona kizuizi cha barabarani. Mimi, Papa. Uliyenifundisha kushika samaki kwa mikono iliyolowa ili asiungue na joto la kiganja. Unaniambia sikukutazama. Wewe ulinitazama, ukaona nani?

Mimi nilidanganya kujificha, wewe ulidanganya kumficha mtu, najua yako ina heshima kuliko yangu. Lakini yako pia ilinikana.

Sasa jambo la pili. Kabla ya kuuliza nyungunyungu ni wa nani, ilinipasa nijue si wako. Ile fimbo ilikuwa imefungwa fundo baya, fundo la mtu anayefunga mbuzi. Nililiona. Macho yangu yaliliona na mkono wangu ukaendelea kuandika jina lako. Hilo ndilo linaloniamsha asubuhi.

Kwa hiyo nimemwandikia Gunnel, mwenyekiti wa chama. Nimemwambia kwamba mtu niliyemkagua siku ile ni baba yangu mzazi, na kwamba nilipoulizwa nilisema simjui. Hayo tu. Tonton Emery sikumtaja, wala sitamtaja. Gunnel alinipigia simu. Kwa kuwa mkaguzi haruhusiwi kumwandika mzazi wake, karatasi ile haina nguvu, wameifuta. Kadi yako utarudishiwa na fimbo pia. Mimi nimerudisha beji. Majira yajayo hawatanichukua.

Usidhani nimefanya haya kwa moyo laini. Nimeyafanya huku nimekasirika, nikipiga funguo za kompyuta mpaka jirani akagonga ukuta.

Kwa ile nej, samahani. Nimeisema bila sharti, kama ilivyopaswa. Kwa hayo mengine bado sijapoa.

Mwanao,
Christelle


Hjulsta, 7 Novemba 2010

Christelle mwanangu,

Nani alikutuma?

Nani alikuambia urudishe beji? Uliifanyia mitihani miwili. Unajua mimi nimeitangaza wapi hiyo beji? Kanisani kote. Mama Dative nimemwonyesha picha yako na kile kizibao mpaka akaniomba niondoe simu usoni pake. Madereva wote wa gereji wanajua binti ya Bonaventure analinda maji ya mji. Hata baada ya ile siku nimeendelea kuwaambia, nikiwa nimekukasirikia hivyo hivyo. Na wewe unaitoa kama mtu anayerudisha trei ya kantini!

Nilipomaliza kusoma barua yako nilivaa viatu nikaenda ofisi ya chama. Mama yako alisema ningoje nipoe. Nilikataa. Nilitaka kufika nikiwa moto.

Gunnel alikuwepo, na Göran alikuwepo. Nikasema kwa Kiswidi changu cha basi, "Mrudishieni mtoto kazi yake. Alikosea, mimi pia nilikosea. Sisi wawili tumeshaadhibiana ya kutosha."

Gunnel akasema kwa upole kwamba sheria ni sheria, msimu ujao haiwezekani, aombe tena baadaye. Nikapiga meza. Kahawa yao ikamwagika. Nikasema maneno mengine kwa Kiswahili, ambayo ni bahati njema hawakuyaelewa.

Kisha nikamgeukia Göran. "Nimesikia unawajua watu wa Järva," nikamwambia. "Mimi ni mmoja. Nakaa Hjulsta, mwisho wa treni. Niambie mwenyewe, nipo hapa."

Akawa mwekundu. Akasema hakukusudia. Nikamuuliza alikusudia nini basi. Akachukua kitambaa akaanza kufuta kahawa, na sikumsaidia. Sikutoka pale nikiwa rafiki yake, na sitaki. Lakini safari hii aliyekosa maneno ni yeye, si wewe.

Fimbo nimeichukua. Kadi nimeikataa. Gunnel akashangaa. Nikamwambia nyungunyungu alikuwa kwenye fimbo yangu, na mtu akiwa mgeni wangu kosa lake nami limo ndani: nilimpa fimbo, sikumpa sheria. Mwaka wangu nitautumikia. Usinibishie hili, nimeshaliamua.

Sasa swali lako. Nimelizunguka kama trauti mzee anavyozunguka nzi asiyemwamini.

Umeuliza nilimwona nani. Nilikuogopa. Ndiyo. Ulipokuwa unashuka nilikuona wewe, nikafurahi, hilo sikudanganya. Halafu Emery akaanza kutetemeka, yule mzee akafungua mkoba, wewe ukachukua kalamu, na kabla sijafikiri lolote mwili wangu ulikuwa umeshaamua. Mwili haukuuliza huyu ni mtoto wa nani. Ulisema kama kule kwenye vizuizi: taja jina lako bila kusita, kwa Kifaransa kizuri, tabasamu kidogo, usimtazame aliye karibu nawe. Nilifanya hivyo hivyo pale bwawani. Nilikufanyia wewe.

Hilo limenikasirisha kuliko nej yako. Nimekuwa nikikuchapa kwa nej yako ili nisilitazame. Kwamba watu wale wamepanda ndege pamoja nasi, wamengoja miaka yote hii, wakaja kunikuta nikiwa natafuta trauti mchana wa jua, na sura waliyoivaa ni ya mwanangu. Nani nimpigie meza kwa hilo? Hakuna ofisi yake.

Emery bado hajajibiwa. Anaanza kuzijua njia za mji hata hivyo. Juzi alikwenda peke yake mpaka Vällingby kununua viatu, akarudi anasimulia kama aliyetoka Ulaya nyingine. Nimemweleza yale uliyoandika kuhusu kabati na kopo la kahawa. Alicheka, kisha akaenda kukaa chumbani mlango umefungwa. Mama yako ameanza tena kutia chumvi.

Msamaha wako nimeupokea. Wangu nimeuandika mara tatu na mara zote umetoka na lawama ndani yake, kwa hiyo nimeona nisiutume hivyo.

Bado nina hasira, Christelle. Nawe unayo, naiona inavyotoboa karatasi. Lakini barua hazifai kwa kazi hii. Nikikupigia kelele Jumatatu zinakufikia Alhamisi, na wakati unanijibu mimi nimeshapoa, inabidi nianze kujipasha upya. Njoo Noeli. Usilete zawadi. Uje tugombane vizuri, uso kwa uso, watu wa nyumba moja, mpaka mama yako atufukuze mezani.

Baba yako,
Bonaventure